Bushi ya Otieno

Leo karibu nidanganye juu ya jina la fundi wangu.

Nilikuwa natoka Kibera na throttle ya gari ya kizamani, ile chuma inapitishia engine hewa. Shafti ilikuwa imelegea, fundi Otieno akanichongea bushi mpya, ile pete inashikilia shafti isicheze.

Kufika Kawangware, vijana wamefunga barabara. Wakafungua mfuko wangu.

Mmoja akashika ile throttle, akazungusha shafti polepole. Haitingishiki.

"Nani alichonga hii?"

Tangu kura watu wanapigana kwa kabila, na jina kama Otieno huku ni shida. Nikalisema tu.

Akairudisha kwa mfuko.

"Nilijua ni mkono wake. Ndiye alinifunza kazi. Wacheni apite."

Nikamuuliza kama nimpelekee Otieno salamu zake.

"Usimwambie ulinipata hapa."

Sasa Otieno amepiga simu, amesikia barabara ilifungwa, anauliza kama nilifika salama na nani alinisaidia.

Nyinyi mngemwambia?