Meno yangu bandia yaling'aa kweli, kisha nikayameza mbele ya wakwe

Wakuu, salamu kutoka Likasi.

Nimeona humu watu wanaulizana namna ya kurudisha weupe wa meno bandia, na mmoja akashauri javel, yale maji makali ya kufulia mashuka meupe. Nimeshindwa kunyamaza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kiswahili changu ni cha Katanga, mtanivumilia.

Mimi ni fundi kwenye kiwanda cha shaba. Mwaka fulani nilianguka na baiskeli nikienda kazini, meno manne ya mbele yakaenda. Nikatengenezewa kipande cha plastiki chenye meno manne, kinashikiliwa na vikulabu viwili vya chuma.

Waliojua ni mke wangu na binti yetu Mireille tu. Nilikuwa naona aibu sana.

Sasa mimi ni mtu wa chai ya rangi. Yale meno bandia yakageuka njano, ya kwangu ya asili yakabaki na rangi yake. Ukinitazama unajua. Rafiki wa kazini akaniambia, loweka ndani ya javel. Nikaloweka kila siku kwa miezi mingi.

Yakawa meupe kweli, siwadanganyi.

Ikafika Jumapili ya familia ya mchumba wa Mireille kuja kujitambulisha, wanatoka upande wa Mulungwishi. Asubuhi navaa meno, nasikia kikulabu kimoja kinacheza. Mke wangu akasema, "Papa Mireille, toa ile kitu. Itakuletea mambo."

Nikakataa. Nikae na pengo mbele ya wakwe?

Wakafika, tukasalimiana, tukaketi kula bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki. Mimi nilikuwa naongea midomo imebana, meno yasichezecheze. Tonge la tatu nikasikia kitu kinakatika, tak. Kabla sijaweka mkono mdomoni, kimeshuka.

Kikakwama kooni.

Nilikuwa napumua, lakini hata mate hayapiti. Panachoma kama nimemeza msumari. Machozi yakaanza kutoka yenyewe.

Shemeji yangu akasema, "Ni mwiba ya samaki." Akafinyanga tonge kubwa. "Meza hii bila kutafuna, itashuka nayo."

Wakuu, hapa ndipo ninapojishangaa mpaka leo. Nilijua si mwiba. Nilijua lile tonge litasukuma chuma ndani ya nyama. Lakini kusema ukweli ilikuwa lazima nifungue mdomo, na wakwe wote wananitazama. Nikanyoosha mkono nilipokee.

Mke wangu akalipiga lile tonge likaanguka chini.

"Usimupe kitu, utamuua," akamwambia kaka yake. Kisha akanigeukia. "Fungula kinywa. Fungula, baone."

Nikafungua. Pengo likaonekana.

Baba wa kijana, mzee mmoja mpole, akainuka na funguo za gari. "Twende."

Hospitali ya hapa wakapiga picha. Vikulabu vilionekana wazi, kimoja kimevunjika, ncha yake imegusa ukuta wa koo. Daktari akasema chombo cha kukitoa hana, tukimbie Lubumbashi, na nisimeze chochote njiani.

Safari ile sitaisahau. Malori ya madini mbele yetu, mimi nimeshika bakuli natema mate yenye damu, mke wangu ananishika mgongo anasali kwa sauti ya chini. Kila shimo barabarani nasikia ile ncha inachimba. Nilifikiri Mireille ataolewa bila mimi.

Walikitoa kwa mpira mwembamba wenye kamera. Nilipoamka, daktari akanionyesha kikulabu: kimeliwa, chembamba kama uzi.

"Papa, ulikuwa unasafisha na nini?"

"Javel."

Akatikisa kichwa. Akasema javel inakula chuma, na plastiki pia inaichosha. Maji ya moto yanaipinda. Hata dawa ya meno ya kawaida inaikwaruza, na kwenye mikwaruzo ndipo rangi ya chai inajificha.

Baba wa kijana alikuwa bado anangoja nje. Nikaanza kumwomba msamaha. Akasema, "Miye nilizania hautake mutoto yetu. Tangu tufike ulikuwa unabana midomo tu."

Hilo liliniumiza kuliko koo.

Sasa nina meno mengine. Nayasuuza kila nikila, nikinywa chai pia. Nayapiga brashi laini na sabuni ya kunawia mikono, juu ya beseni la maji yasivunjike yakianguka. Nikilala yanalala ndani ya maji safi ya baridi. Yakianza kucheza nayatoa na kwenda kwa aliyeyatengeneza, hata kama kuna wageni.

Hayang'ai kama yale ya javel. Ni meupe ya kutosha mtu wa umri wangu.

Wenye meno bandia humu, ninyi mnasafisha na nini? Na kuna mtu nyumbani anajua unayavaa? Kama hakuna, mwambie hata mmoja leo. Mimi nisingeandika haya kama mke wangu hangejua.