Aibu ya Jikoni Yapanda Kwenye Fulana

Katika mji ambao kila mtu anapigana na uchakavu, Yunis Shemhilu alikuwa anautengeneza. Majirani zake wa Lushoto waliamka kupiga viatu rangi, kusugua masufuria kwa majivu, na kupaka nyumba chokaa kila Krismasi hata kama ukuta wenyewe ulishachoka kubeba chokaa. Yeye alikaa mbele ya kompyuta, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya duka la dawa na cherehani ya Sharifa, akachukua herufi nzima, nene, zenye afya zake, akazila kingo, akazitoboa matumbo, akazikwangua mpaka zikaonekana zimenyeshewa tangu enzi za Mjerumani. Akishamaliza anaegemea kiti na kucheka peke yake. Sharifa alishaacha kuuliza kulikoni. Aliwaambia wateja wake kwamba huyo jirani ni mzima, ila kazi yake inamtekenya.

Kumlaumu ni vigumu ukijua alikotoka. Kwa miaka mingi Yunis alikuwa mtumwa wa dhahabu. Milimani kwetu mtu haoi, hapati kipaimara wala hazikwi bila herufi za dhahabu zenye kivuli chini na ua waridi pembeni. Wameshamletea tangazo la kuogesha mbuzi, wakataka dhahabu. Wameshamletea onyo la "Usikojoe hapa", mwenye ukuta akasimama nyuma ya kiti akisema, weka dhahabu, dada, waone tuna heshima. Yunis akaweka. Ukuta ule wa nyuma ya soko ukawa unakojolewa kwa heshima.

Halafu siku moja akaona kwenye simu jinsi ya kuchakaza maandishi, na maisha yakabadilika. Namna yenyewe ni rahisi kiasi cha kukutia aibu kwamba hukuiwaza. Unaandika neno kwa herufi nene. Unatafuta picha ya kitu kilichochubuka: bati lenye kutu, gome la mkaratusi, soli ya buti la shambani. Picha hiyo unaiondoa rangi, unaikaza mpaka inabaki nyeusi na nyeupe tu, hakuna ubabaishaji wa kijivu. Kisha unailaza juu ya neno na kuiamuru kompyuta: penye weusi, herufi itoboke, penye weupe, ibaki. Basi. Neno lililozaliwa sasa hivi linazeeka mbele ya macho yako, na kila kovu lake ni kovu la kweli lililotoka mahali fulani. Picha hizo Yunis aliziita ngozi. Alizisaka kama wengine wanavyosaka uyoga. Alipiga magoti mbele ya toroli sokoni, akachutama nyuma ya vyoo, akapiga picha sakafu ya lori la mbao. Wakati mmoja familia nzima ilimtokea na hati ya kiwanja ikidhani ametumwa kuja kuweka alama ya X ya kubomolewa nyumba.

Tatizo lilikuwa moja: hakuna mteja aliyezitaka. Kila alipoonyesha herufi zake zilizoliwa, mtu aliinamia kioo, akaguna, akauliza kama kompyuta imepata virusi. Uzuri wote ule ukawa unaishia humo humo ndani ya mashine.

Ndipo alipokuja Glory, katibu wa Kwaya ya Mlimani ya kule Shume. Kwaya ilikuwa inatimiza miaka arobaini, na wangeshuka Muheza kwenye tamasha la kwaya wakiwa na fulana mpya nyeupe. Glory alitaka maandishi yenye historia. Yunis akamwonyesha. Glory hakuguna. Alisema hizo hizo, tena zichakae zaidi, na kuhusu mwenyekiti, Mama Dorkasi, atamweleza yeye mwenyewe.

Yunis hakulala vizuri kwa furaha. Kwaya nzima itavaa herufi zake, mbele ya kwaya nyingine zote. Wakizipenda, ametoka utumwani. Wakizikataa, atarudi kwenye dhahabu na waridi mpaka siku na yeye atakapoandikiwa msalaba wake, kwa dhahabu, na kivuli chini.

Akafungua kompyuta kuchagua ngozi iliyo bora. Haikuwepo. Hakuna iliyokuwepo. Wiki ile mashine ilikuwa kwa fundi Ibrahimu, mtu mwema, mtaratibu, asiyependa takataka. Na Yunis, kwa kujifanya mcheshi, kabati lake la ngozi ndani ya kompyuta alikuwa amelipa jina la UCHAFU. Ibrahimu alilikuta, akalisafisha. Tena alijivunia. Alimwambia mashine sasa ni nyepesi, maana ilikuwa imejaa picha za kutu na mitaro, sijui ni watoto walikuwa wanachezea.

Yunis akacheka mpaka akakohoa, kisha akapanda bodaboda kwenda Shume kuanza upya. Na huko, sikilizeni, huko ndiko alikouona mlango.

Ulikuwa mlango wa jiko la Mzee Nathanaeli, mpasua mbao wa zamani na sauti ya chini kabisa ya kwaya, ile ambayo ikiimba madirisha ya kanisa yanaitikia. Rangi ya bluu ilikuwa imebanduka magamba, chini yake kijani, chini ya kijani mbao tupu yenye nyufa kama mkono wa mkulima. Yunis alisimama akasahau hata kusalimia. Alipokumbuka alipiga goti kidogo akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, na akaomba kwa unyenyekevu kuupiga picha mlango kwa ajili ya fulana za kwaya. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya misonobari, hivyo angerudi asubuhi, mwanga ukiwa unaupiga kwa ubavu. Mzee alikubali. Uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu aliyeambiwa mbuzi wake amechaguliwa bungeni.

Asubuhi Yunis akarudi mbio mbio. Mzee Nathanaeli alikuwa amesimama mlangoni kwa koti la Jumapili na tai. Nyuma yake mlango ulikuwa unameremeta kama pipi. Mwekundu. Umepigwa msasa mpaka ukalainika, ukapakwa rangi ya mafuta ambayo bado ilikuwa mbichi, na kuku mmoja alikuwa tayari ana bawa jekundu.

"Nisingekubali mlango wangu uende Muheza ukiwa vile, mwanangu," akasema mzee. "Wangetuona sisi watu gani?"

Yunis alimpiga picha na mlango wake, za kutosha, akamsifia na tai. Moyoni alikuwa analia na kucheka kwa zamu. Kisha mke wa mzee, Mama Klara, akausukuma mlango kwa kiwiko atoke na beseni, na mlango ukageuka ukaonyesha mgongo.

Upande wa ndani hakuna aliyeugusa. Nani apake rangi upande usioonwa na wageni? Moshi wa kuni ulikuwa umeukaanga mweusi, mafuta yameuchirizikia, kucha za paka zimeuchora, na katikati palikuwa na kovu moja refu, lililopinda, zuri kama kinubi. Yunis akaingia jikoni bila kukaribishwa, kosa ambalo Usambarani unaweza kulifanya mara moja tu.

Mama Klara akamziba njia. "Huku ndani hapana. Huku ndani ni aibu."

"Mama, mimi nimeifuata hiyo aibu."

Ilibidi aeleze kila kitu, ngozi na weusi na weupe, huku Mama Klara akimtazama kama anavyotazamwa mganga anayeomba udongo wa unyayo wako. Aliuliza swali moja: kama nikikuruhusu, aibu ya jiko langu itavaliwa kanisani? Yunis akasema ndiyo, vifuani, lakini hakuna atakayeijua. Mama huyo akafikiri. Akasogea. Yunis alipouliza lile kovu refu limetokana na nini, mzee aliona kitu cha maana sana juu ya paa, na Mama Klara akaanza kukoroga sufuria ambalo halikuwa na kitu.

Kibandani Yunis alifanya kazi kama mtu anayekula embe. Alilaza mgongo wa mlango juu ya KWAYA YA MLIMANI MIAKA AROBAINI, akakaza weusi, akalegeza kidogo, akasogeza kovu mpaka likakatisha neno la kwanza kwenye A. Herufi zikazeeka vizuri, zikazeeka kwa adabu, zinasomeka bado lakini zimeona mambo. Akazichapa kwa mkono wake, fulana moja baada ya nyingine, akazipeleka kwa Glory zikiwa bado zina joto la mashine.

Siku ya safari alipanda Shume kuungana nao. Kwaya imejipanga nje ya kanisa. Na vifuani mwao kuna herufi nzima. Nene. Nyeusi tii. Zina afya.

Alisogea, akaangalia kwa karibu. Kila ufa umezibwa kwa makapeni, zile kalamu nene za wino, kwa uvumilivu wa kutisha, na wino mwingine umevuka mpaka. Mama Dorkasi, mwalimu mstaafu ambaye sketi yake ina mikunjo inayoweza kukata mkate, akamshika bega na kumvuta pembeni. Ni wazi Glory hakuwa amemweleza lolote. Muda ule Glory alikuwa ameugundua uzuri wa kokoto. Mama Dorkasi akasema kwa sauti ya chini, ya upendo mtupu:

"Usijali, mwanangu. Mashine yako iliishiwa wino. Tumekufichia."

Akina mama wote walikuwa wamekaa ukumbini jana yake, na makapeni za ubao za Mama Dorkasi, wakiziba. Hakuna aliyemsema vibaya. Walimwombea.

Yunis akasema asante, mama. Akapanda gari, akakaa nyuma kabisa karibu na ngoma, na njia nzima ya kushuka, kona kwa kona, aliwaza maua waridi.

Muheza waliwapokea kwa joto, kisha kwa mvua. Kwaya zilikuwa kwenye maandamano kuelekea uwanjani, na kila kwaya ina dhahabu: dhahabu yenye moto, dhahabu yenye njiwa, kwaya moja ina dhahabu inayotoka ndani ya mawingu. Mvua ikamwagika bila kupiga hodi, na hakuna kwaya iliyotaka kuwa ya kwanza kukimbia. Wakaendelea kuimba. Sasa, makapeni za ubao zinapendwa na walimu kwa sababu moja: zinafutika.

Kilianza kijito kimoja cheusi kwenye fulana ya mtu wa mbele. Halafu kwaya yote ikaanza kutiririka. Wino ukashuka matumboni, ukapita kwenye sketi nyeupe, ukaingia viatuni. Mama Dorkasi alijitazama, akawatazama wenzake, akamtafuta Yunis kwenye umati kwa jicho la mwalimu.

"Yunis," akasema, "ule ugonjwa wa mashine umerudi."

Umerudi wote. Vijito viliacha michirizi ya kijivu, na juu ya michirizi hiyo nyufa zikafunguka moja moja, moshi, kucha za paka, mafuta, na lile kovu katikati ya A. Herufi zilikuwa nzuri kuliko alivyoziacha. Yunis alikuwa mvuani, mdomo wazi, anarukaruka kama mtoto aliyeona mpira umeingia wavuni. Mvua ilikuwa imemalizia kazi yake, tena bila kompyuta.

Ilipokatika, watu wa kwaya ya mawingu ndio waliokuja kwanza. Dhahabu yao ilikuwa imebaki vile vile, inang'aa, na ghafla ilionekana kama karatasi ya peremende. Walizunguka fulana za Shume, wakagusa, wakauliza ni fundi gani anayeweza kuandika maneno yakaonekana yametembea. Yunis aliona Mama Dorkasi akivuta pumzi. Hapo ndipo yote yangeamuliwa, na mama yule alikuwa na michirizi mpaka kwenye soksi.

"Ni makusudi," akasema Mama Dorkasi, akajinyoosha mikunjo isiyokuwepo tena. "Miaka arobaini si ya juzi. Fundi wetu ni huyu hapa, wa Lushoto, na anapokea kazi. Ila sisi kina mama tulimsaidia."

Wakamzonga Yunis. Walitaka zile zile, herufi za kunyeshewa, ndivyo walivyoziita papo hapo, na ndivyo zinavyoitwa mpaka leo ukifika kibandani kwake, na Sharifa wa cherehani atakueleza kana kwamba alizigundua yeye.

Lakini Yunis hakuweza kuwasikiliza vizuri, maana kando yao palikuwa na mkusanyiko mkubwa zaidi. Mzee Nathanaeli alikuwa ametoa kifua mbele, anawaonyesha watu kwa kidole. Hapa ni kitasa. Hapa paka alikuwa anadai samaki. Hapa ni mafuta ya Krismasi. Kwa sauti yake ile, hata waliokuwa upande wa pili wa uwanja walitembezwa jikoni kwake.

Mtu mmoja akauliza kuhusu kovu refu kwenye A. Mzee akatazama juu.

Mama Klara, aliyeshuka na kwaya, akampita, akaweka kidole chake penyewe, kifuani kwa mume wake.

"Hapa ndipo mwiko ulipotua," akasema.

Yunis akauliza kwa adabu kama mwiko ulimkosa mzee.

"Usingemkosa," Mama Klara akajibu, "hilo kovu ungeliona kichwani kwake, si kwenye herufi."