Unga wa Mbao Ndani ya Giaboksi

Mama alikuwa na ombi moja tu: afike nyumbani kwetu Magharibi akiwa hai. Hospitali ilikuwa imemrudisha kwa kaka yangu, aliyeishi mtaa wa Sarang'ombe, kwa maneno ya upole yaliyomaanisha kwamba hakuna dawa tena. Basi la abiria hangeweza kupanda, maana hakuweza kuketi zaidi ya dakika kumi. Kila siku alituambia, "Nipelekeni mapema. Sitaki kurudi nikiwa juu ya keria ya basi." Miaka yote aliyokaa Nairobi alikuwa ameona majeneza ya watu wetu yakifungwa kwa kamba juu ya mabasi ya Magharibi, na jambo hilo lilimkera mno. Binadamu mzima, kufungwa pamoja na magodoro na masufuria!

Kaka alikuwa ametoka tu kupunguzwa kazi, kama wengi miaka hiyo ya tisini. Pesa ya kwaheri aliyopewa, akasema, itanunua gari la kumpeleka Mama, kisha alitumie kubebea mboga za kuuza kule Silanga. Mimi ni fundi wa magari. Nilikuwa na banda langu Kabiro, kule Kawangware, na watu walitoka mbali kuniletea injini. Sasa niambie, mtu mwenye ndugu fundi anaenda kununua gari na nani? Na pasta wa kanisa lao! Eti muuzaji wa yadi ya magari alimwambia kuna mteja mwingine anakuja saa sita na pesa mkononi, na pasta ndiye aliyekuwa karibu, tena ana leseni. Muuzaji akawaimbia wimbo wa wauza magari wa kila siku: "Mzee, hii gari ilikuwa ya mama mzungu. Alikuwa anaendanga nayo kanisa tu." Pasta aliposikia kanisa, akalainika.

Jumapili nilipofika Sarang'ombe, nililikuta limeegeshwa kando ya barabara, stesheni wagoni nyeupe, limeng'arishwa hadi matairi. Akina mama wa kanisa walikuwa wakilizunguka wakiimba. Pasta alikuwa ameshamwaga mafuta ya upako juu ya boneti. Mama alikuwa ameketishwa mlangoni, mito mgongoni, anapiga makofi, anacheka. Anacheka, jamani! Sikuwa nimemwona akicheka tangu Pasaka.

Nikatandika gunia, nikaingia chini. Nikafungua bolti ya giaboksi, nikachovya kidole. Oili ilikuwa nzito kama uji, na ndani yake unga wa mbao. Kila fundi anaujua ujanja huo. Giaboksi iliyokwisha ukiitia unga wa mbao inanyamaza kelele siku chache, mnunuzi anaondoka nayo akitabasamu, kisha inasagika.

Kaka akachuchumaa, akainama mpaka tukaonana uso kwa uso. "Fundi, vipi? Iko fiti?"

Ningesema. Ningetoka pale chini na kidole changu, nikawaonyesha wote. Lakini risiti ilikuwa na mhuri kwamba pesa hairudi, giaboksi nyingine ingechukua wiki kadhaa kupatikana, na Mama hakuwa na wiki. Tena gari lilikuwa limeshaombewa. Nani angemwambia pasta kwamba ametia mafuta mzoga? Nikapangusa kidole kwenye suruali.

"Iko fiti," nikasema.

Nilijidanganya kwamba nikiendesha mwenyewe, polepole, gia nikizibembeleza, litafika. Kiburi cha ufundi tu hicho, wala si imani.

Tuliondoka Jumanne alfajiri. Mama alilala nyuma kwenye godoro, kaka akamshika mkono. Tulipopita Nakuru, giaboksi ikaanza kulia.

"Mwanangu, hiyo ni nini?" Mama akauliza.

"Ni barabara tu, Mama."

Kwenye mlima, karibu na Timboroa, gia zote zikakataa. Ilikuwa saa tano mchana, na baridi ya kule inapenya hata kwenye mifupa. Nilijaribu kila nilichokijua. Nilitukana, niligonga chuma kwa chuma, nililia waziwazi na ndevu zangu. Kaka alisimama barabarani akipungia malori mkono, yakampita. Tukamfunika Mama kwa makoti yetu yote mawili. Aliuliza kama tumefika. Kaka akamwambia tumekaribia. Kufika saa nane, hakuuliza tena.

Siku ya nne tulimtoa mochari, tukampandisha basi la Magharibi. Juu ya keria. Utingo alikuwa anafunga ovyo ovyo, nikapanda mwenyewe nikakaza kamba, maana mikono yangu imezoea kukaza vitu.

Kaka alikuwa chini ananitazama, macho mekundu. "Ni mimi nimemuua," akasema. "Ningeenda na wewe kule yadi, ungejua."

"Hata mimi nisingejua," nikamjibu, nikaendelea kukaza.

Mpaka leo, tukienda nyumbani kupalilia kaburi, kaka huniomba msamaha. Nami humsamehe.