Safu ya Viatu

Kabla ya siku ile, mambo ya mwambani pale Likoni yalikuwa na utaratibu wake. Itanilazimu niueleze kwanza, kwa sababu bila ya huo huwezi kufahamu jinsi mtoto wa miaka tisa, asiyemtakia mtu yeyote mabaya, alivyoweza kufanya alilolifanya.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hupwa kupita kawaida. Wakati huo twauita bamvua. Maji huondoka asubuhi, yakaacha wazi uwanda mzima wa mawe, tangu mchangani hadi pale mawimbi yanapovunjikia. Karibu na adhuhuri hugeuka, na ifikapo alasiri yamekwisha kujaa. Katika saa hizo chache wanawake wa mtaa wetu waliishi maisha mengine. Nyumbani walikuwa washonaji wa kofia, wapishi wa mikate, walezi wa watoto. Mwambani walikuwa wasafiri. Ni kweli kwamba walirudi na kitoweo, na katika miaka ile ya vita, manowari zikiwa zimejaa bandarini na mchele umekuwa adimu madukani, kitoweo kilihitajika sana. Lakini atakayekwambia kwamba walikwenda kwa ajili ya tumbo peke yake, huyo hakuziona nyuso zao alfajiri ya bamvua, wakijifunga kanga viunoni na kujaribu ncha za miti yao ya kuchokolea pweza.

Walikuwa na vyeo vyao, na vyeo hivyo vilipimwa kwa umbali. Mahali pa kwanza paliitwa Vidimbwini, ambapo maji hayapiti goti, na hapo ndipo tulipoachwa sisi watoto. Mbele yake palikuwa na Nyufani, ambapo mwamba umepasukapasuka na mguu waweza kuzama hadi pajani. Mwisho kabisa palikuwa Ukingoni, penye povu na mshindo, ambapo mtu akisimama huona maji ya kina yakiwa meusi chini ya vidole vyake. Wanawake waliofika Ukingoni walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyerudi kutoka Vidimbwini alipokewa kwa dhihaka. "Mwenzetu atoka wapi? Bafuni?"

Miguuni walivaa vipande vya mpira wa gari vilivyofungwa kwa kamba za usumba wa nazi. Viatu vyao vya nyumbani waliviacha ufuoni, juu ya mstari wa maji makuu, navyo ndivyo vilivyokuwa kanuni yao kuu. Kila aliyekwenda mwambani, mkubwa kwa mdogo, alivipanga viatu vyake kwa safu, visigino vikielekea baharini. Aliyerudi alivichukua vyake na kwenda zake. Hakuna aliyegusa vya mwenziwe, hata kwa mzaha, hata kuvisogeza kwa ncha ya mti. Maana ilikuwa wazi: jozi iliyobaki ni mtu aliyebaki. Mkuu wao alitoka mwisho, akaitembea safu tangu mwanzo hadi mwisho, na asipokuta viatu ila vyake aliita kwa sauti, "Ufuo mtupu!" Waliosikia waliitikia, "Alhamdulillahi," ndipo wakatawanyika.

Kanuni hii haikuwa ya mapambo. Mwaka mmoja kabla ya niyasimuliayo, ilibaki jozi moja, na wanawake wawili walirudi na mtaimbo uliowekwa ufuoni kwa kazi hiyo, maji yakiwafika kifuani, wakamkuta mwenzao mguu umekwama katika ufa. Walimtoa. Hata alipozeeka alichechemea, naye alikuwa akituonyesha kovu lake kama mwingine anavyoonyesha bangili.

Mkuu wao alikuwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyetufundisha herufi kwa subira ambayo sijaiona tena kwa mwalimu yeyote, na nimekaa mbele ya wengi. Alikuwa akinishika kidole akakipitisha juu ya ubao, herufi moja mara ishirini, asikasirike. Watoto wengine aliwaita kwa majina yao. Mimi aliniita mwanangu. Hakuwa amejaaliwa mtoto.

Hodari kuliko wote, hata kuliko Mwalimu, alikuwa jirani yetu, mpishi wa mikate ya mofa. Mwanamke mnene, mcheshi, ambaye mikono yake ilinukia mtama na moshi wa tanuri. Mofa zilizoungua pembeni hakuziuza. Alinipa mimi juu ya ukuta wa ua, na mpaka leo naamini kwamba nyingine aliziunguza makusudi. Ukingoni alikwenda peke yake. Mwalimu alimwonya mara kwa mara.

"Soma dua japo moja kabla ya kwenda huko," alimwambia siku ile, nikiwa nimesimama karibu.

"Dua nimekuachia wewe, Mwalimu," jirani akajibu. "Mimi nitasoma pweza."

Wanawake wakaangua kicheko, hata Mwalimu akacheka kwa pua. Kisha jirani akavua makubadhi yake. Yalikuwa mapya, ya Idi, yenye ukanda mwekundu na nakshi za uzi mweupe, na wiki mbili nzima alikuwa akitembea mtaani polepole ili watu wayaone. Akayapanga kwenye safu, akaniona ninavyoyatazama, akanibana shavu. "Ukifika Ukingoni, nitakupa uyavae siku nzima. Wallahi nitakupa."

Ulikuwa msimu wa kusi. Katikati ya asubuhi wingu lilisimama upande wa bahari, likaanza kuja. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchoka na Vidimbwini, na kikapu changu kilikuwa na kome wanane na kaa mmoja. Nikatoka kabla ya wenzangu. Ufuoni nilivichukua viatu vyangu, nikaiona safu ikiningoja kama watu waliokaa kimya, na makubadhi yale mekundu katikati. Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya ngozi, likaacha doa jeusi.

Miaka mingi nimejieleza kwamba niliyaokoa na mvua. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba niliyavaa. Niliyatia miguuni, makubwa mno, nikatembea hatua kumi mchangani nikiiga mwendo wake wa mtaani. Kisha mvua ikaja kwa nguvu, nikayavua, nikayafunika kwa kanga na kukimbia. Yaligongana kifuani mwangu njia nzima, pa, pa, pa. Niliwaza jinsi atakavyonisifu. Sikuwaza safu. Nilizijua kanuni zote za mwamba kwa moyo, kama nilivyozijua sura fupi, na sikuwaza.

Nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa, mumewe akiwa kazini ng'ambo ya kivuko. Niliyaweka makubadhi kwetu, chini ya kitanda, mahali pakavu. Bibi yangu alinivua nguo zilizolowa, akanipa nazi nikune, akaniambia nichochee moto wa mchuzi. Mvua ilipiga makuti kwa kishindo. Katikati ya mvua hiyo, kwa mbali, tulisikia sauti ndogo ya Mwalimu ikiita, "Ufuo mtupu!" Bibi akaitikia kutoka jikoni, "Alhamdulillahi," nami nikaitikia pamoja naye, mkono wangu ukiwa juu ya mbuzi ya nazi.

Mvua ilikatika adhuhuri, jua likatoka. Baada ya sala ya alasiri mume wa jirani alibisha hodi.

"Shikamoo, Bibi. Mwenzangu yuko hapa? Tanuri yake haijawashwa."

"Marahaba, baba. Hayuko. Huenda amepita kwa nduguye."

Alipokwenda, Bibi aligeuka. Sijui aliona nini usoni mwangu. Niliingia chumbani, nikatoka nimeshika makubadhi kwa mikono miwili. Bibi hakupiga kelele, wala hakunipiga. Alikaa chini mahali alipokuwa amesimama, juu ya sakafu tupu, na alipoinuka alikuwa amekwisha kuamua. Alivaa buibui lake, akayachukua makubadhi akayaficha ndani, akaniburura kwa mkono kupitia njia ya nyuma ya minazi. Bahari ilikuwa imejaa, imetulia, inang'aa. Bibi aliyapanga pale pale, visigino baharini, akafuta nyayo zetu kwa upindo wa buibui. Kisha akanishika kidevu.

"Wewe leo hukuona kitu. Umenisikia?"

"Abee, Bibi."

Haukupita muda mtaa mzima ulikuwa ufuoni. Wanaume walisukuma ngalawa, wakazunguka hadi giza likakaribia. Mwalimu alifika mbio, bila mtandio, akasimama mbele ya ile jozi moja.

"Havikuwapo," alisema.

Mume wa jirani akamtazama. "Mwalimu, viatu hivi hapa."

"Nilitembea safu yote. Havikuwapo." Akainama, akakiinua kimoja, akapitisha vidole ndani. "Vikavu. Mchanga umelowa, na viatu vikavu."

"Jua limewaka tangu adhuhuri, Mwalimu," mtu mmoja akamjibu, kwa upole ule ambao watu humwonyesha aliyekosa. Mwalimu akawatazama wote, mmoja mmoja, hadi akanifikia.

"Mwanangu, wewe ulitangulia kutoka. Uliviona?"

Mkono wa Bibi ulikuwa begani mwangu, lakini siwezi kumsingizia. Hakunibana.

"Niliviona, Mwalimu," nikasema. "Vilikuwa hapo."

Jirani hakupatikana. Siku ya tatu, mbali upande wa kusini, kilipatikana kipande kimoja cha mpira wa gari, kamba yake ya usumba ikiwa imekatwa kwa kitu chenye makali. Wazee wa mwamba walilisoma jambo hilo bila shida: mguu ulikwama, naye akajaribu kukata kamba ya kiatu ili ajinasue. Kazi hiyo huchukua muda. Muda huo alikuwa nao, na mtaimbo ulikuwa ufuoni.

Hakuna aliyemtukana Mwalimu. Kutukanwa kungekuwa kwepesi kwake. Watu walisema tu kwamba mvua ilikuwa kali, kwamba macho huchoka, kwamba ni amri ya Mungu, na baadaye ukuu wa mwamba akapewa mwingine. Watoto waliendelea kwenda chuoni, nami nikiwa mmoja wao. Nilikaa mbele yake miaka minne zaidi, akakishika kidole changu kile kile na kukipitisha juu ya herufi zile zile, akiniita mwanangu. Lakini kila bamvua hakwenda tena mwambani. Aliketi mahali pa safu tangu maji yaondokapo hadi yajaapo, akivitazama viatu vya wengine. Wanawake wakishatoka wote, na mkuu mpya akishaita, yeye alibaki akiupapasa mchanga kwa kiganja, kama mtu aliyeangusha sindano.

Mimi niliondoka kwenda kusoma, kwanza kisiwani, halafu mbali zaidi. Nilijenga maisha yangu juu ya usahihi: kusoma maandishi ya wengine na kusema hili ni sahihi, hili ni kosa la mnakili. Watu walinisifu kwa uangalifu. Usiku wa mvua, popote nilipolala, niliweka viatu vyangu juu ya kiti ili nisivione sakafuni.

Bibi alikufa bila ya kulitaja jambo lile hata mara moja. Niliporudi Likoni, nywele zikiwa zimeanza mvi, nilikwenda ufuoni kwanza. Nilikuta kuta za watu wenye mali zimeshuka hadi karibu na maji, na watoto waliovaa malapa ya plastiki wakiingia nayo baharini na kutoka nayo. Mwamba ni ule ule. Niliwauliza vijana wawili Nyufani ni wapi, wakatazamana. Hakuna anayepanga viatu, hakuna anayeita, na jina la Ukingoni limebaki kwangu na kwa wazee wachache wasiotoka nje. Niliposimama pale mahali pa safu niligundua kwamba nimesimama pembeni, nimeacha nafasi ya jozi moja.

Mwalimu alikuwa hai. Macho yake hayakuona tena, lakini mjukuu wa nduguye aliniambia kwamba kila bamvua humtaka ampeleke ufuoni, na humpeleka. Nilikaa mkekani mbele yake kama zamani, nikamwambia yote: tone la mvua, hatua kumi, kanga, kitanda, buibui la Bibi, na neno nililolisema. Nilijitahidi kuwa sahihi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mvua iliponyesha," akauliza, "vilikuwa chini ya kitanda?"

"Chini ya kitanda, Mwalimu."

"Na nilipoita?"

"Vilikuwa huko."

Mikono yake, iliyokuwa magotini, ilifunguka.

"Basi nilihesabu sawa," akasema.

Bamvua lililofuata hakwenda ufuoni, wala lile la baada yake. Aliishi miaka mitatu zaidi, nami nilimtembelea kila mwezi. Alinipokea, akanikaribisha kahawa, akaniuliza habari za kazi yangu, na hakuniita mwanangu tena.