Gumato Akiitwa, Nani Anaitika?

Kusoma Fardosa hajui. Aliinamia simu ya Nasteha, binti wa kaka yake, kwenye kibanda chake cha chai mjini Garsen, akingoja aonyeshwe jina la mama yake.

Vijana wa mjini walikuwa wakiandika wiki ya Tana, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandikia: kila kijiji na ukurasa wake, na kila malka pia, mahali ng'ombe wanaposhukia mtoni kunywa. Malka iliyo karibu na kijiji cha Idsowe iliitwa Malka Gumato tangu Fardosa akiwa mtoto wa mgongoni. Gumato, mama yake, ndiye aliyeifyeka ile njia kwa panga, mwaka wa kiangazi, wanaume wakiwa mbali na mifugo. Baadaye Fardosa akafiwa na mume. Shemeji yake Abdullahi akamtoa bomani hata eda haijakwisha, kisha akasimamisha pale malkani kibao chenye jina la baba yake mwenyewe: Malka Diba.

"Haya, mama yuko wapi?"

"Shangazi, ukurasa tumeuita Malka Diba," Nasteha alisema bila kumtazama. "Kanuni yetu ni jina linalotumiwa na wengi. Siku hizi wachungaji wote wanasema Diba."

"Wanasema wanachoambiwa na kibao."

"Lakini bibi sikumtupa. Tazama." Akaandika Malka Gumato, akabofya, ukurasa ukafunguka. "Anayetafuta jina la bibi anaelekezwa hapa."

"Hapa ni kwa nani?"

"Malka Diba."

Fardosa akacheka kicheko kikavu. "Yaani mama yangu akiitwa, anaitika Diba?"

Nasteha akafuta kioo cha simu kwa upindo wa mtandio.

"Mimi niliitwa mke wa fulani mpaka fulani akafa, nikawa si mtu. Sasa na mama mmemwoza kwa Diba akiwa kaburini? Ondoa!"

"Nikiondoa, kila tulipoandika Malka Gumato patageuka pekundu. Maana yake hana ukurasa. Ukibofya hufiki popote."

"Afadhali asifike popote kuliko kufika kwa Diba."

"Abdullahi ndiye atakayefurahi, Shangazi. Litabaki la baba yake peke yake."

Hilo lilimchoma. Alizungusha bangili mkononi. "Na afurahi," akasema mwishowe. "Ameshazoea kubaki na vyangu."

Nasteha akaondoa, kisha akafungua ukurasa wa Idsowe. Viungo vilikuwa vya buluu, vimetapakaa kila mahali. Katikati yao maneno mawili yalikuwa mekundu kama jicho la mgonjwa. Fardosa hakuhitaji kusomewa. Akaweka kidole juu yake, na simu ikaleta nafasi tupu, nyeupe, yenye maandishi machache juu.

"Inasema nini?"

"Inauliza kama unataka kuanza kuandika."

"Iambie nataka," Fardosa alisema. "Halafu iulize, wakati kaka zangu wakipelekwa shule, nani alinizuia."