Bi Upawa na Kikombe cha Kiroboto

Watu wengine hujisifia magari. Mimi, fundi cherehani wa nyuma ya soko, najisifia mke, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Mke wangu ni mpishi wa shule ya chekechea. Watoto wanamwita Bi Upawa, kwa kuwa upawa haumtoki mkononi hata anapogombana na muuza mkaa. Nimemwona akimbembeleza mtoto aliyeapa kutogusa maharage, mpaka mtoto akaomba aongezewe.

Ndiyo maana iliniuma kuona mjukuu wetu anamshinda.

Huyo tunamwita Kiroboto, kwa kurukaruka. Anaishi nasi, na anasoma chekechea hiyohiyo anayopikia bibi yake. Aliruka kutoka kwenye benchi langu la kazi akavunjika mkono. Haukukaa sana baada ya kupona, akateleza bafuni ukavunjika tena. Daktari akatuambia mifupa yake haipati chakula chake: apewe maziwa, mtindi, mboga za majani, na dagaa wale wanaotafunwa na mifupa yao. Kiroboto alisikiliza kwa adabu zote. Tulipofika nyumbani alikikunjia uso kikombe cha maziwa utadhani tumemtilia sabuni.

"Yananuka ng'ombe," alisema.

"Wewe ng'ombe ulimnusa lini?" nikamuuliza. Akakisukuma kikombe mbali.

Sasa mpishi hodari akishindwa hufanya kosa la kipishi: huficha. Mke wangu akaanza kutia maziwa ya unga kwenye uji, kusaga dagaa wakawa vumbi la kukoleza mchuzi, kuponda viazi kwa mtindi. Mtoto anakula, sisi tunakonyezana. Kichwa kilimvimba, na mimi changu pia. Mpaka siku Kiroboto alipoingia jikoni kutafuta maji, akamkuta bibi yake kashika kopo la maziwa juu ya sufuria ya uji.

Hakulia. Alisema tu, "Kumbe, bibi," akatoka.

Tangu jioni ile chakula cha nyumbani kilimshinda. Wali aliupekua punje kwa punje. Hata chai ya rangi aliinusa. Alikula ndizi tu, maana ganda alilimenya mwenyewe. Shuleni hali ilikuwa hiyohiyo, na mkono bado umo ndani ya plasta. Mke wangu, mwanamke asiyetishwa na sufuria ya kulisha shule nzima, nilimkuta ameketi tu mlangoni. Aliogopa, nami niliogopa.

Ingekuwa mimi, ningekuja juu. Yeye alimwita mtoto jikoni, akamketisha juu ya ndoo iliyofunikwa, akamwambia waziwazi, "Nilikudanganya, mama. Sifichi tena. Leo mpishi ni wewe, mimi nitakushikia sufuria."

Kiroboto akapima maziwa kwa mkono wake mzima. Akayatazama yakichemka, akangoja yapoe yabaki vuguvugu, akatia kijiko cha mtindi wa jana, akakoroga. Kikombe walichoyamiminia wakakizungushia vipande vya blanketi kutoka kwenye mabaki yangu ya vitambaa, kisipate baridi. Mimi nikaonywa nisipige cherehani kwa fujo, maziwa yamelala. Nikatii, ningefanyaje? Asubuhi yalikuwa yameganda. Alilamba ncha ya kijiko, akafikiri, akasema ni machachu. Akakatia ndizi mwenyewe, akala nusu. Kesho yake alimaliza. Dagaa nao aliwakubali baada ya kuwachagua na kuwakaanga pamoja na bibi yake, na kuwatafuna kwa kelele masikioni mwangu.

Plasta ilitolewa, na daktari akasema mfupa umeunga vizuri. Nilifurahi sana. Lakini kilichonifanya nitembee kifua mbele mtaani ni jambo la wiki iliyopita, nilipopeleka aproni mpya shuleni. Mtoto mgeni alikuwa mbele ya bakuli, kaziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Kabla mke wangu hajainama, Kiroboto akahamia kiti cha jirani na kumsogezea kijiko.

"Muulize tu kilichomo," alimwambia. "Bibi yangu atakwambia kweli."

Yule mgeni akamwinulia Bi Upawa macho. "Kuna nini humu?"

"Viazi," mke wangu akajibu, "na chumvi, na maziwa."

Mtoto akashusha mikono, akachota.