Soketi ya Friji la Chanjo

Mama yangu ni muuguzi wa chanjo, na mtaani wanamwita Mama Friji. Miaka ishirini na mbili anachoma watoto sindano, na bado kila asubuhi husimama mbele ya akina mama na kuanza upya. Malaria huletwa na mbu, kipindupindu hupita kwenye maji machafu, surua husambazwa kwa kikohozi. Kisukari hakiambukizi, kwa hiyo mwacheni bibi wa watu ale na wajukuu zake. Kisha hufika kwa askari.

"Mwilini mwako mna askari," husema. "Shida yao, hawamjui mwizi mpaka aingie. Chanjo ni picha yake. Wakishaiona, siku akija kweli wanamdaka mlangoni."

Akina mama hucheka, watoto hulia, kazi inaendelea.

Mimi bintiye ni mfagizi wa zahanati anayofanyia kazi. Ya Jumanne ile sikusimuliwa, nilikuwepo.

Surua ilikuwa imeshaingia mtaa wa pili, na foleni ilifika nje ya geti. Kwa kawaida mtunza stoo ndiye hupanga chupa kwenye boksi la barafu na kumletea Mama. Siku hiyo alichelewa, Mama akaenda mwenyewe. Niliposikia anavyoniita, nikaacha ufagio.

Stoo ina soketi moja tu. Waya wa friji ulikuwa umelala sakafuni, na kwenye soketi lilikuwa limechomekwa birika la umeme. Kipimajoto ndani ya friji kilisoma kumi na tisa, na chanjo haitakiwi kuzidi nane. Mlangoni mwa friji kulikuwa kumebandikwa karatasi ya kuandika joto, asubuhi na jioni: nne, nne, nne. Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na nane. Nne zilikuwa zimeshafika tarehe thelathini.

Mtunza stoo akaingia akitabasamu. "Shikamoo, dada."

"Marahaba utaipata baadaye. Hili birika liko hapa tangu lini?"

"Mwanzo wa mwezi. Lakini tunachomoa friji kidogo tu, maji yachemke. Ila siku nyingine tunasahau kurudisha."

"Na joto la kesho umelipima vipi? Wewe mtunza stoo au mpiga ramli?"

Mkuu wa zahanati akachungulia. "Jamani, watu wamejaa. Wachanje tu, mama. Nani atajua?"

"Mwili utajua!" Mama alipiga mlango wa friji kwa kiganja. "Huo hausomi karatasi zenu!"

Nasema wazi, nilitamani kummwagia mtu maji ya lile birika. Watu wazima, wenye watoto wao, wamewauza watoto wa wenzao kwa chai!

Mkuu alimshika mkono asitoke. Mama akaukung'uta, akaenda kusimama mbele ya foleni. Safari hii hakutania.

"Chanjo zimeharibika. Waliochanjwa hapa mwezi huu, wote warudi zikija mpya. Na mpaka hapo, mtoto msimpeleke penye mgonjwa. Hata mjukuu wangu yumo. Alhamisi nilimchoma kwa mkono wangu mwenyewe, nikawaonyesha askari wake karatasi tupu."

Mjukuu huyo ni mwanangu, ana miezi tisa.

Mama alikuwa akilia kwa hasira, na hakunitazama. Nikashukuru. Kila siku saa nne asubuhi, tangu mwanzo wa mwezi, nilikuwa naingia stoo na kikombe changu, naruka ule waya, najimiminia chai.